Hatua Mbili Nyuma ya Mstari

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina, si kwa woga, la hasha, bali kwa sababu nina mke, watoto na paa linalovuja, na sina nafasi ya kwenda kujieleza mahali. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina milima, ina wizara thelathini na tisa, na ina uwanja mmoja wa tenisi wa udongo mwekundu, unaomwagiwa maji kila asubuhi na watumishi kumi na wawili wa daraja la pili. Katika nchi hiyo aliishi Bi. Nyamizi Kapera, mwamuzi wa mstari.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, ni hivi. Mwamuzi wa mstari husimama nyuma ya uwanja, mikono magotini, akiukodolea macho mstari mmoja mweupe. Mpira ukianguka nje ya mstari, hunyoosha mkono na kupaza sauti: "Nje!" Ukianguka ndani hasemi kitu, bali hushusha mikono mbele yake, viganja vikitazama chini, kama mtu anayeota moto. Basi, kazi nzima ina neno moja. Hapigi makofi, hacheki, haokoti mpira, wala hamsalimii mchezaji hata akiwa shemeji yake.

Nyamizi aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Alisimama kwenye Kombe la Walimu wa Wilaya, ambako mbuzi walikatiza uwanjani katikati ya seti, na kwenye Kombe la Idara ya Mbolea, ambako wavu ulikuwa chandarua. Siku moja alimwambia shemeji yake "Nje!" kwenye pointi ya mwisho ya nusu fainali, na shemeji akasusa kula kwake miaka miwili. Nyamizi aliumia sana, maana alimpenda shemeji yule. Lakini mpira ulikuwa nje.

Kitu kimoja tu alikitaka duniani, nacho ni beji ya kimataifa. Ni kibati kidogo chenye matundu ya kushonea, kipana kama kifuniko cha soda, ambacho mwamuzi hupewa akikaguliwa na mgeni kwenye mashindano ya wachezaji wa kulipwa na kuonekana jicho lake halidanganyi. Nchi ile haikuwahi kuandaa mashindano hayo. Na mwamuzi akishatimiza miaka hamsini na mitano hakaguliwi tena. Nyamizi alikuwa na hamsini na minne na miezi minane.

*

Mwaka huo Mtukufu Mlezi wa Taifa alitangaza kwamba nchi itaandaa mashindano ya wachezaji wa kulipwa. Wakaja vijana wa ng'ambo na raketi zao, na akaja Bi. Marga, mkaguzi wa waamuzi, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye daftari la kijani. Nyamizi alimwona akishuka garini. Usiku kucha aliota daftari.

Zikiwa zimebaki siku mbili, Wizara ya Michezo ilieleza kwamba Mtukufu naye atacheza, ili kuwapa wageni changamoto. Mtukufu alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa amefanya mazoezi kwa miaka kumi na mmoja, na katika muda wote huo mpira alioupiga haukuwahi kuvuka wavu, jambo ambalo magazeti yaliliita uzalendo, kwa kuwa mpira ulibaki upande wetu.

Waamuzi wa mstari wakaitwa kwenye semina elekezi. Mtoa mada alikuwa Ndugu Baltazari Mkamba, Mkurugenzi wa Mistari na Mipaka, mtu mnene mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kutazamwa.

"Ndugu zangu waamuzi," alisema, "tusikubali kuwa mateka wa chokaa! Mstari ni nini? Mstari ni mdau. Na mdau hushirikishwa. Mtukufu anapopiga mpira, ule si mpira tena, ule ni ujumbe kwa vizazi. Sasa nawauliza, ujumbe kwa vizazi unaweza kuwa nje?"

Nyamizi akanyoosha kidole.

"Samahani, Mheshimiwa Mkurugenzi. Mpira wa Mtukufu ukianguka nje, tunafanyaje?"

"Hautaanguka."

"Ukianguka je?"

"Mama yangu, soma kifungu cha nne."

Nyamizi akafungua kabrasha. Kifungu cha nne kilisema: Hautaanguka.

*

Mtukufu alifika fainali bila kutoka jasho. Mpinzani wa kwanza aliumwa tumbo, wa pili aliumwa mgongo, na wa tatu alipelekewa taarifa kwamba anaumwa. Akabaki kijana mmoja wa ng'ambo aitwaye Yanko, bingwa hasa, aliyekuwa na tiketi ya ndege ya saa kumi na moja jioni na asiyetaka ugomvi na mtu.

Siku ya fainali Idara ya Itifaki iligundua jambo la kutisha. Mwamuzi mkuu wa tenisi hukaa kwenye kiti kirefu chenye ngazi, na katika nchi ile ni marufuku mtu kukaa juu kuliko Mtukufu. Maseremala wakaitwa, kiti kikakatwa miguu. Bwana Ladislaus Kasimbazi, mwamuzi mkuu, akajikuta ameketi kwenye kitu kama kigoda, ubavuni mwa wavu, anaona magoti ya wachezaji tu. Ikabidi aiamue fainali kwa kusikiliza.

Kwa kibali maalumu, Mtukufu ndiye aliyeanzisha kila pointi, tena kwa kuurusha mpira kwa mkono juu ya wavu, kwa sababu raketi ilimchosha. Yanko naye akaurudisha kwa ufundi wa hali ya juu, shubiri moja tu nyuma ya mstari, nyuma ya visigino vya Mtukufu. Ni kazi ngumu kukosa kwa usahihi kiasi kile, na kijana hakukosea kukosa hata mara moja.

Wachezaji wa tenisi hubadilishana upande kila baada ya muda, kwa hiyo Mtukufu alipokuja upande wa Nyamizi, mipira ya Yanko iliangukia kwenye mstari wake. Udongo ule mwekundu una tabia moja: mpira ukiugusa unaacha alama, nayo hukaa mpaka ifagiliwe. Nyamizi aliiona kila alama ikijichora, shubiri moja nyuma.

"Nje!" alipaza sauti. Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. "Nje!" Ngoma zikapigwa. "Nje!" Waziri wa Michezo akainuka, akamnyooshea Nyamizi kidole gumba. Mara ishirini na nne alitamka, na mara ishirini na nne ilikuwa kweli, na kila mara watu walizidi kumpenda. Mtangazaji wa redio alimwita Mama wa Taifa. Nyamizi hakutabasamu. Pembeni, Bi. Marga aliandika.

Mtukufu akawa anaongoza seti moja kwa sufuri, gemu tano kwa sufuri, pointi arobaini kwa sufuri. Imebaki pointi moja tu awe bingwa. Alikuwa amehamia upande wa pili, Nyamizi akimtazama kwa mbali. Akaurusha mpira. Yanko, sijui ni jua au ni mawazo ya ndege, akaupiga ukaenda moja kwa moja kifuani kwa Mtukufu. Mtukufu akainua raketi kujikinga uso. Mpira ukagonga raketi, ukapaa, ukavuka wavu.

Ulivuka wavu! Wanawake walizimia. Waziri wa Michezo alilia waziwazi. Mpira ukapita juu ya kichwa cha Yanko, ukapita mstari, ukaanguka hatua mbili kamili nyuma yake, pu, ukaacha alama kubwa kama sahani ya chai.

Hapakuwa na muda wa kufikiri. Macho yaliona na mdomo ukafuata, kama ulivyofuata miaka ishirini na sita.

"Nje!"

Ngoma zilikatika. Hata bendera zilionekana kushusha mabega. Nyamizi aligundua alichofanya. Lakini mkono wake ulikuwa bado umenyooka, na hakuushusha.

*

Kila mtu alimtazama Mtukufu. Mtukufu hakumtazama mtu. Alikatiza uwanja polepole, akafika kwenye ile alama, akainama na kuitazama kwa muda mrefu. Machozi yakamlenga.

"Umevuka," alisema.

"Umevuka, Mtukufu!" uliitikia umati.

"Hii alama isiguswe."

Alisema hayo tu, akaenda kunywa juisi. Lakini katika nchi ile, neno la Mtukufu likidondoka huokotwa na watu arobaini. Kabla jua halijatua, mechi ilikuwa imesimamishwa, hema limejengwa juu ya alama, askari wanne wa gwaride wamesimama pembe nne, na Ndugu Mkamba ametoa waraka: "Ni marufuku kufagia, kumwagia maji, kukanyaga, kupulizia au kukohoa karibu na alama zote zilizomo uwanjani, kwa kuwa ni alama za tukio hilo tukufu." Baada ya wiki moja alama ile kubwa ilifunikwa kwa sanduku la kioo. Wanafunzi wakaletwa kwa mabasi kuitazama.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Kila aliyekuja kuitazama alama aliuona na mstari. Serikali ilikuwa imetumia kioo safi kabisa, kisichoficha kitu, na nyuma ya kioo hicho mpira wa Mtukufu ulikuwa nje, mchana kweupe, mbele ya darasa la tatu.

Yanko alipelekwa hotelini kusubiri, ndege yake ikaondoka bila yeye. Ikaundwa Tume ya Alama, wajumbe kumi na saba, na Nyamizi akaitwa mbele yake.

"Bi. Nyamizi," alisema Ndugu Mkamba, akavaa ile miwani ya kutazamwa, "sisi hatukulazimishi. Tunakuomba ujaze fomu hii tu. Inathibitisha kwamba siku ile, mpira wa Mtukufu ulipoanguka, wewe ulinyamaza."

"Mheshimiwa, si watu elfu tano walinisikia?"

"Hao tutawaletea fomu zao."

"Lakini Mheshimiwa, tungeendelea tu siku ile. Mtukufu alikuwa arobaini kwa sufuri. Mpira mmoja ukiwa nje, inakuwa arobaini kwa kumi na tano. Angeshinda pointi inayofuata, watu wangekuwa nyumbani kabla ya chai."

Wajumbe walitazamana. "Unataka kusema," aliuliza mmoja kwa sauti ya chini, "kwamba Mtukufu anahitaji nafasi ya pili?"

Nyamizi alinyamaza. Hapo kweli alinyamaza, na karani akaandika haraka kwamba shahidi ana uwezo wa kunyamaza.

"Una siku tatu," alisema Ndugu Mkamba, akamsukumia fomu. "Ukijaza, Wizara itakupa beji. Yetu wenyewe, kubwa kuliko hiyo ya kwao. Usipojaza, hutasimama tena nyuma ya mstari wowote katika nchi hii, hata mstari wa kantini."

*

Mume wake, Mzee Lutambi, alikuwa fundi cherehani. Nyamizi alimkuta barazani akishona suruali, akaiweka ile fomu mezani, akakaa, akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

"Miezi minne tu ilibaki," alisema. "Miaka yote nangojea mkaguzi aje. Kaja, na wao wamenifanya hivi."

Mzee Lutambi aliisoma fomu mbele na nyuma. Alikuwa mtu wa kusoma taratibu.

"Mke wangu, mimi kila jioni hukuuliza siku imekwendaje, nawe huniambia. Sijawahi kuchungulia kama ni kweli. Sasa ukitia saini hapa kwamba hukusema ulichosema, kuanzia kesho mimi nitakuulizaje?"

"Nisipotia saini nitakula nini?"

"Suruali zipo," alisema Mzee Lutambi, akaendelea kushona.

Siku ya tatu aliirudisha fomu ikiwa tupu.

*

Wizara haikukasirika, kwa sababu ilikuwa imeshapata wazo kubwa zaidi. Ikiwa mpira hauwezi kuja ndani, mstari utaufuata. Bunge likakaa, likapitisha Sheria ya Marekebisho ya Mstari kwa kauli moja, na utepe mweupe uliopakwa chokaa ukang'olewa na kupigiliwa upya hatua tatu nyuma. Ndugu Mkamba alihutubia taifa. "Leo," alisema, "tumedhihirisha kwamba mstari uko kwa ajili ya watu, si watu kwa ajili ya mstari!"

Kilibaki kitu kimoja, alama isomwe upya kwa sherehe. Bi. Marga, ambaye wiki saba zote hizo alikuwa akinywa chai na kuandika, alifungua mdomo kwa mara ya kwanza. Alisema kwamba kwa kanuni za dunia, alama husomwa na mwamuzi yuleyule aliyesimama kwenye mstari huo. Mwingine akisoma, dunia haitambui.

Serikali ilitaka dunia itambue. Nyamizi akaitwa. Kazi yake, alielezwa, ni nyepesi mno. Hatakiwi kusema lolote. Afike kwenye alama, ashushe mikono, viganja chini, anyamaze.

Watu elfu tano walirudi. Yanko aliletwa kutoka hotelini, amenenepa, kaptula inambana. Mtukufu akaketi kivulini. Nyamizi akakabidhiwa barua ya kazi yenye mhuri, akaisoma yote kwa utaratibu aliojifunza kwa mumewe. Ilisema: "Bi. Nyamizi Kapera atasoma alama zote zilizomo uwanjani kwa mujibu wa mstari uliopo."

"Zote?" aliuliza.

"Kama ilivyoandikwa!" alijibu Ndugu Mkamba, ambaye hakupenda barua zake kuulizwa maswali.

Nyamizi akaenda kwenye alama ya kwanza. Haikuwa ya Mtukufu. Ilikuwa ya Yanko, shubiri moja nyuma ya ule mstari wa zamani, haijafagiliwa kwa amri ya serikali, na sasa iko ndani kabisa ya mstari mpya. Akaitazama. Akashusha mikono, viganja vikitazama chini. Akanyamaza.

Ndani. Pointi ya Yanko.

Kwenye ubao wa matokeo alikaa mtumishi mmoja mtiifu, aliyefundishwa kubadilisha namba mwamuzi anapoonyesha ishara, na asiyefundishwa kingine chochote. Akabadilisha. Nyamizi akaenda ya pili, akanyamaza. Namba ikageuka. Ya tatu, kimya. Ya nne, kimya, na gemu nzima ya Mtukufu ikahamia kwa Yanko. Watu wakaanza kuhesabu kwenye vidole. Kufikia alama ya ishirini na nne, gemu sita za Mtukufu zilikuwa zimekwenda, ubingwa umekwenda nazo, na upande wa pili wa uwanja ulikuwa bado haujasomwa.

"Mwambieni aseme!" Ndugu Mkamba alikuwa anatokwa na jasho mpaka kwenye viatu. "Aseme kitu! Mama, kwa nini unanyamaza?"

"Nimeagizwa ninyamaze, Mheshimiwa. Na mipira iko ndani."

"Rudisheni mstari! Rudisheni mstari ulipokuwa!"

Maseremala walikuja mbio na nyundo. Sheria ya Marekebisho ya Mstari ilifutwa papo hapo, wabunge wakipiga kura wakiwa wamesimama jukwaani, wengine na karanga mkononi. Mstari ukapigiliwa pale pa siku zote. Ndugu Mkamba akanyakua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Bi. Nyamizi anasoma upya. Kila atakapotamka neno, wananchi wote mpige makofi kwa nguvu! Wananchi wote, bila ubaguzi! Asiyepiga tutamwona!"

Nyamizi akaanza upya.

"Nje!" Makofi. Namba ikarudi kwa Mtukufu. "Nje!" Makofi. Gemu zikawa zinarejea nyumbani moja moja, vigelegele vikaanza, ngoma zikaamka. Ndugu Mkamba alikuwa akicheza kwa mabega. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Na hakuna mtu, katika furaha ile, aliyekumbuka kumsimamisha.

Nyamizi akafika kwenye sanduku la kioo. Askari wanne wakampisha, kwa kuwa ana barua. Alimwona Bi. Marga akiacha kuandika. Alimwona Ndugu Mkamba akiacha kucheza, mdomo wazi, miwani yote miwili mkononi. Aliogopa, nisiseme uongo, aliogopa kuliko ile siku ya kwanza, maana siku ile mdomo ulimponyoka na leo alikuwa na muda wote wa kufikiri. Akautazama mstari. Akaitazama alama. Hatua mbili.

Akanyoosha mkono.

"Nje!"

Watu elfu tano wakapiga makofi. Amri ilikuwa amri. Mawaziri walipiga, wabunge walipiga, askari wa gwaride waliegemeza bunduki wakapiga. Na kule kivulini Mtukufu, ambaye kwenye kitambulisho chake ni Mwananchi Namba Moja, alipiga makofi kwa muda mrefu kuliko wote.

Ubao ukaandika arobaini kwa kumi na tano. Mtukufu akaurusha mpira kwa mkono, Yanko akauzamisha kwenye wavu kwa furaha ya mtu anayewahi ndege, na Mtukufu akawa bingwa. Ilichukua nusu dakika.

*

Ripoti ya Bi. Marga ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kuandika: "Anaona. Anasema. Hapigi makofi." Alitoa beji mfukoni mwake mwenyewe, akamwekea Nyamizi kiganjani, akaondoka na daftari lake.

Ndugu Mkamba alihamishiwa Idara ya Mbolea. Sanduku la kioo lipo mpaka leo, lina kibao kinachosema: "Hapa ndipo mpira wa Mtukufu ulipoangukia." Kibao hakisemi zaidi. Wageni hukisoma, kisha husimama kwenye mstari na kuhesabu hatua zao wenyewe.

Jioni ya siku ile ya makofi Mzee Lutambi alimkuta mkewe mlangoni, koti begani.

"Siku imekwendaje?"

"Nimesema ishirini na tano."

"Na ule wake?"

"Palepale."

Mzee Lutambi akalichukua lile koti, akatunga uzi kwenye sindano, akaishona beji upande wa kushoto, mishono mingi kuliko iliyohitajika.

Nami naishia hapa, juu ya mstari wenyewe. Nikizidisha hata hatua moja, yuko mama mmoja atakayepaza sauti.